Shuleni ametulia, nyumbani analipuka: tathmini ya usonji inayoheshimu ubongo wa mtoto huwaje?

"Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la pili katika shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Tanga. Shuleni anasifiwa kwa utulivu na madaftari safi, lakini akifika nyumbani anavua soksi mlangoni, anajifungia chumbani na kulia hadi magharibi. Hali wali uliogusana na mchuzi. Anajua njia za mabasi yote yanayotoka Tanga kwenda mikoani na anaweza kuyaeleza saa nzima. Rafiki aliyekuwa akimtaja alikuwa mmoja tu, naye amehama. Daktari mmoja aliniambia hawezi kuwa na usonji kwa sababu anaongea vizuri na anamtazama mtu. Mama mkwe anasema ni jini, nimpeleke akasomewe. Jirani analaumu chanjo ya surua. Mdogo wangu aliyeko Uingereza ameniambia siku hizi kuna tathmini inayoheshimu namna ubongo wa mtoto ulivyo, isiyomchukulia kama kitu kilichoharibika. Huko hufanywa nini hasa? Atatolewa damu? Atapewa jina litakalomharibia maisha? Na nikikosa huduma hiyo karibu, nifanye nini?"

Mama, barua yako ina hofu mbili zinazovutana. Ukikaa kimya, binti anaendelea kuumia kila jioni mbele ya macho yako. Ukienda hospitali, unahofia atarudi na jina ambalo watu watalitazama hilo badala ya kumtazama yeye. Zote mbili ni hofu za haki. Niseme mapema kwamba kwa barua siwezi kujua kama binti yako ana usonji au hana, na mtaalamu atakayekupa jibu hilo kwa simu baada ya kusikia maelezo ya dakika tano usimwamini. Ninachoweza kusema ni kwamba uliyoyaeleza yanastahili kabisa tathmini kamili, na kwamba sababu aliyoitoa yule daktari ya kukurudisha nyumbani haikutosha.

Vigezo vinavyotumiwa na wataalamu wengi vinatoka katika miongozo miwili: DSM-5 ya chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, iliyotolewa mwaka 2013, na ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Hakuna hata mmoja unaosema kwamba mtoto anayeongea vizuri au anayemtazama mtu hawezi kuwa na usonji. Miongozo hii hutafuta mambo mawili yakiwa pamoja: tofauti ya kudumu katika namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, na mwenendo wa kurudia au kushikilia mambo fulani, ambamo siku hizi huhesabiwa pia namna milango yake ya fahamu inavyopokea sauti, mwanga, ladha na mguso. Soksi zinazovuliwa mlangoni na wali usiotakiwa kugusana na mchuzi vinaweza kuingia katika fungu hilo la pili. DSM-5 inakubali pia kwamba dalili, ingawa lazima ziwe zilianza utotoni, zinaweza kutoonekana wazi mpaka maisha yanapomtaka mtoto zaidi ya uwezo wake, au zikafichwa na mbinu alizojifunza mwenyewe. Wasichana wengi hupitwa kwa sababu hiyo, kwani picha ya usonji ambayo wengi wetu tulifundishwa ilichorwa zaidi kwa kuwatazama wavulana.

Suala la macho lina utata wake kwetu. Mtoto aliyelelewa kwa adabu za pwani hufundishwa kuinamisha macho anapomwamkia mkubwa, kwa hiyo mpimaji asiyezijua adabu hizo anaweza kuhesabu heshima kuwa dalili. Kwa upande mwingine, mtoto aliyegombezwa mara nyingi kwa kutotazama watu hujifunza kukazia macho paji la uso la anayezungumza naye, akaonekana hana shida yoyote. Macho peke yake hayathibitishi wala hayakanushi kitu.

Nieleze sasa kwa nini mtoto yuleyule atulie shuleni na alipuke nyumbani, maana hapa ndipo akina mama hulaumiwa kwamba wamedekeza. Fikiria darasa lenye watoto wengi chini ya paa la bati: madawati yanakwaruza sakafu, kengele inapigwa, ukosi wa sare unachoma shingo, mwalimu anazungumza lugha ambayo si ya nyumbani. Ubongo wa watoto wengi husukuma pembeni yasiyohitajika na kubakiza sauti ya mwalimu. Ubongo wa mtoto mwenye usonji mara nyingi hupokea yote kwa uzito uleule. Wakati huohuo analazimika kupiga hesabu ya mambo ambayo wenzake huyafanya bila kufikiri: zamu yangu ya kusema ni lini, hili ni utani au tusi, wamehama mchezo kwa nini bila kuniambia. Basi mtoto huwachungulia wenzake, huiga wanavyocheka, hujizuia asitikise mikono, na hunyamaza ili asikosee. Ni kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni kichwani tangu asubuhi. Akifika kwake ndipo anaitua, na maji humwagika pale alipoitua. Kwamba anamwagika kwako maana yake ni kwamba kwako ndiko anakojiona salama. Kujificha huko kuna gharama, na tafiti zilizofanywa kwa watu wazima wenye usonji zimekuwa zikihusisha kujificha huko na wasiwasi na sonona. Kwa hiyo sifa ya utulivu anayopewa na mwalimu, ingawa imetolewa kwa nia njema, huenda inamlipa mtoto kwa jambo linalomchosha kuliko yote.

Kuhusu chanjo, nitakuwa mfupi. Tuhuma hiyo ilienea kutokana na makala iliyochapishwa Uingereza mwaka 1998 kuhusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, na hawakuona kwamba chanjo inayokinga surua inaongeza usonji. Mdogo wa binti yako, kama yupo, achanjwe.

Kuhusu jini, usigombane na mama mkwe. Watafiti waliozungumza na wazazi na watoa huduma katika pwani ya Kenya, kwa taarifa iliyochapishwa mwaka 2015, waliwasikia wengi wakitaja pepo, uchawi na laana pamoja na sababu za kitabibu, kwa hiyo mawazo yake si ya ajabu wala si ya ujinga. Dua na kisomo kinachofanywa kwa upole havizuii tathmini. Palipo na kipigo, kufungwa, kufukizwa moshi, kunyimwa chakula au kunyweshwa dawa zisizojulikana, hapo kataa bila kuona haya, na mume wako asimame nawe.

Sasa nije kwenye hicho ulichoelezwa na mdogo wako. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili: kila upande unashindwa kuusoma mwingine, lakini lawama zote hubebeshwa upande mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa watu wazima habari waipokezane mmoja hadi mwingine. Kundi la wenye usonji peke yao liliifikisha vizuri sawa na kundi la wasio nao, na habari ilipotea zaidi pale makundi yalipochanganywa. Tathmini inayoheshimu tofauti za ubongo imejengwa juu ya fikra hiyo. Inatumia vigezo vilevile, na mpimaji makini bado anaweza kukuambia kwamba si usonji. Kinachobadilika ni swali. Badala ya kuuliza tu mtoto huyu yuko mbali kiasi gani na wenzake, huuliza pia anaupokeaje ulimwengu, nini katika mazingira yake kinamuumiza, na akiwa katika hali gani hustawi.

Hatatolewa damu kwa ajili ya kuthibitisha usonji, kwa sababu hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayouthibitisha. Damu ikichukuliwa, au ubongo ukipimwa umeme wake, itakuwa ni kwa sababu nyingine, kwa mfano dalili za kifafa, na una haki ya kuelezwa sababu hiyo kabla. Kinachopaswa kutangulia ni kipimo cha usikivu, hata kama unaamini anasikia vizuri.

Sehemu ndefu kuliko zote ni mazungumzo nawe, yanayoweza kuchukua saa mbili au tatu. Nenda na kadi yake ya kliniki na madaftari ya shule, na ukiweza nenda na mtu mwingine aliyemlea akiwa mdogo. Utaulizwa juu ya ujauzito, maneno ya kwanza, usingizi na chakula, lakini zaidi utaulizwa namna alivyocheza. Alikuwa akipanga vifuniko vya soda kwa mstari na kulia ukivihamisha? Wenzake wakicheza rede, anaingia katikati kukwepa mpira, au anabaki pembeni akihesabu alama? Akiigiza baba na mama, anabuni mambo mapya au anarudia maneno yaleyale aliyoyasikia kwenye televisheni? Hakuna jibu la kufaulu au kufeli. Ukiwa na video fupi ya simu inayomwonyesha akicheza, ichukue. Akiwa analia usimrekodi. Mweleze mpimaji kwa maneno, maana mtoto wa miaka 8 anajua anaporekodiwa na huumia zaidi.

Mkutano na binti mwenyewe unapaswa kuanza kwa kumweleza kitakachotokea na kitaisha saa ngapi, ikiwezekana kwa picha zilizopangwa kwenye karatasi, pamoja na ruhusa ya kusema basi akichoka. Mpimaji mzuri atazima taa inayovuma, atamwacha avue soksi, na huenda ataketi naye mkekani na kumuuliza basi la Lushoto linapita wapi. Mtoto ataanza: Muheza, Korogwe, Mombo, halafu linapanda milima. Hapo mpimaji anaangalia mengi kwa wakati mmoja: furaha inavyoonekana mwilini mwake, kama anatambua msikilizaji amepotea, kama anakaribisha swali, na jinsi anavyojisikia anapoombwa kuhamia jambo jingine. Huo si mtego. Mtoto anaeleweka vizuri zaidi tunapomwona pia katika kile anachokipenda, si katika kile kinachomshinda peke yake.

Huenda kikatumika pia kipimo rasmi kiitwacho ADOS-2, ambacho ni mfululizo wa michezo, hadithi na mazungumzo unaochukua kama dakika 40 hadi 60. Ni chombo chenye manufaa, nami sikipingi, ila kilitengenezwa katika nchi za Magharibi, na baadhi ya sehemu zake zimebeba maisha ya huko. Watoto wadogo, kwa mfano, huombwa kuigiza sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mwanasesere. Mtoto ambaye kwao hakuna desturi hiyo anaweza kukaa kimya kwa kutojua la kufanya, na ukimya wake ukaandikwa kama dalili. Aidha, msichana aliyezoea kujificha anaweza kujikaza kwa muda huo mfupi akapata alama za chini. Kwa hiyo alama zisiwe hukumu. Mpimaji anayetegemea kipimo kimoja peke yake, hata kiwe maarufu namna gani, hajakamilisha kazi.

Sisitiza kwamba binti apimwe kwa lugha anayoimudu zaidi. Kama ni Kiswahili, basi ni Kiswahili, hata kama ripoti itaandikwa kwa Kiingereza. Na mtu akikuambia uache kumsemesha Kisambaa au Kidigo cha bibi yake ili asichanganyikiwe, usikubali. Tafiti za watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma, na kumnyima lugha ya bibi ni kumnyima bibi.

Mwalimu naye ataulizwa, na ikiwezekana mtoto atatazamwa wakati wa mapumziko, kwa sababu uwanjani huonekana mengi ambayo darasani hufichika. Mpimaji lazima apime pia uwezekano mwingine: upungufu wa umakini, wasiwasi mkubwa, kunyamaza mahali fulani tu kwa sababu ya hofu, matatizo ya kusoma. Nitasema na hili waziwazi: mtoto wa kike anapobadilika ghafla, lazima tuulize kwa upole kama kuna mtu anayemdhuru, shuleni, njiani au nyumbani. Wewe unaeleza hali ya muda mrefu, si ya ghafla, lakini swali hilo lisirukwe. Mambo haya hayafukuzani pia; mtoto anaweza kuwa na usonji na wasiwasi kwa pamoja.

Mwishoni utakaa na mpimaji akueleze alichokiona na jinsi alivyofikia hitimisho lake. Jibu linaweza kuwa ndiyo, hapana, au tumtazame tena baada ya muda. Isome ripoti kwa jicho la mwalimu atakayeitumia kesho. Sentensi kama "ana upungufu mkubwa katika kucheza na wenzake" inamhuzunisha mzazi na haimwambii mwalimu afanye nini. Linganisha na hii: "Hucheza vizuri na mtoto mmoja katika mchezo wenye kanuni anazozijua, kundi likizidi watatu na kelele zikipanda, hujitenga ili atulie." Zote mbili zinaeleza jambo lilelile, lakini ya pili imembakiza mtoto kuwa mtu na imempa mwalimu pa kuanzia. Hata hivyo usishangae ukikuta maneno mazito sehemu fulani, maana vigezo vyenyewe vimeandikwa kwa lugha ya upungufu, na mamlaka zinazotoa msaada mara nyingi huyataka maneno hayo ndipo zikubali.

Je, jina litamharibia maisha? Sitakuficha kwamba unyanyapaa upo, na zipo shule zinazomkwepa mtoto zikisikia neno usonji. Lakini ripoti ni yako na ya mtoto, si ya shule wala ya ukoo. Omba muhtasari wa ukurasa mmoja unaotaja mahitaji yake bila historia yake yote, na uamue wewe nani aupate. Uzito wa upande wa pili nao uwekwe kwenye mizani: mtoto asiyepewa jina la kweli hupewa na watu majina mengine, mkaidi, mwenye maringo, mwenye pepo, naye huanza kuyaamini. Watu wazima wengi waliotambuliwa wakiwa wamechelewa husema kilichowaumiza ni miaka waliyoishi wakidhani wao ni wabaya.

Baada ya jibu kuna wafanyabiashara, na wanakusubiri. Anayekuuzia dawa za kutoa sumu mwilini au kukuahidi kwamba usonji utaondoka, mwepuke. Baadhi ya dawa hizo zimewahi kuua watoto. Ukipendekezewa mafunzo ya tabia ya saa nyingi kila wiki, uliza shabaha yake. Kumfundisha kuomba mapumziko ni jambo jema. Kumfundisha akae kimya na kutazama watu machoni ili asionekane tofauti ni kumwongezea maji kwenye ndoo.

Kwa upatikanaji, sitakupa matumaini hewa: wataalamu ni wachache, foleni ni ndefu, na wanaofanya tathmini kwa mtazamo huu ni wachache zaidi. Anzia Hospitali ya Bombo, uombe kuonana na daktari wa watoto na upate rufaa ya kwenda Muhimbili au KCMC Moshi. Kabla ya kusafiri piga simu uulize mtoto atapimwa kwa lugha gani, kama shule itahusishwa, watafanyaje mtoto akichoka katikati, na kama gharama inajumuisha ripoti ya maandishi. Majibu ya maswali hayo yatakuonyesha mengi kuliko tangazo linalosema wanaheshimu tofauti. Mazungumzo nawe yanaweza kufanyika kwa video na mtaalamu aliye mbali, lakini mtoto aonwe ana kwa ana, na uulize mapema kama ripoti ya nje ya nchi itakubaliwa shuleni.

Wakati unasubiri, msaada hauhitaji kibali cha ripoti. Mnunulie soksi zisizo na mshono au ongea na shule avae viatu vya wazi. Akirudi, mpe saa nzima bila maswali, bila kazi za shule na bila wageni. Mpakulie wali na mchuzi katika vyombo viwili. Mweleze mapema mabadiliko ya ratiba. Ukiona kulia kunapungua, mwandikie mpimaji, kwa sababu hiyo nayo ni taarifa.

Usisubiri foleni, bali mpeleke hospitali mara moja, akianza kupoteza maneno au uwezo aliokuwa nao, akizimia, akitetemeka au kukodoa macho bila kuitika, akipungua uzito kwa kukataa chakula, akijiumiza, au akisema anatamani kufa. Maneno hayo yakitoka kwa mtoto, usiyachukulie kuwa ni deko.

Siku chache kabla ya kwenda, mwambie binti ukweli kwa maneno ya umri wake: kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni kuelewa watoto wanavyofikiri na kuhisi, kwamba umeona shule inamchosha, kwamba hajakosa lolote, na kwamba hakuna sindano ya usonji. Muulize angependa mtu huyo ajue nini juu yake, na uliandike jibu lake kama alivyolisema. Mwache abebe kitu anachokipenda. Na siku hiyo akigoma kuingia mlangoni, mpimaji anayejua kazi yake atakubali kukutana naye nje chini ya mti, au kupanga siku nyingine.